Daftari Hili Halichomwi

Mpaka wa Kavimvira, kati ya Uvira na Burundi, ulikuwa umefungwa siku kumi na mbili kwa sababu ya mapigano ya uwanda wa Ruzizi. Jumamosi ile ulifunguliwa kwa nusu siku tu, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa sita. Atakayechelewa abaki upande wake.

Émérance alifika saa tatu na nusu. Alikuwa amevaa gauni la bluu la kwendea misa, kitenge kimefungwa juu yake, na viatu vya kuazima vilivyombana vidole. Alikuwa na miaka ishirini na tatu. Miaka mitatu alikuwa msaidizi katika chumba cha meno cha kituo kimoja cha afya pale Kimanga, mjini Uvira. Alianza kwa kuchemsha koleo na kushika vichwa vya watu wanaong'olewa meno, na mwaka wa mwisho akawa anawang'oa mwenyewe. Leo saa nane mchana, huko Bujumbura, walimu watatu wa shule ya madaktari wa meno wangepokea dosie, yaani bahasha za vyeti na fomu, na kuwahoji waombaji. Nafasi zilikuwa kumi na mbili. Waombaji, kwa alivyosikia, walikuwa zaidi ya mia.

Dosie yake alikuwa nayo Héritier. Na Héritier ndiye aliyekuwa na moyo wake pia.

Alifanya kazi pale pale mpakani, kwenye forodha ambayo wenyewe huiita duane, akiwajazia wachuuzi karatasi za mizigo yao. Alikuwa mwanaume mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini iliyomfanya Émérance asahau alichotaka kusema. Jana jioni alikuwa ameiomba ile dosie ili aipigie mihuri na kumtafutia ruhusa ya kuvuka kabla ya foleni kujaa. Émérance alimpa bila kufikiri. Nani afikiri, anapompa kitu mwanaume atakayemuoa baada ya Pasaka?

"Umependeza," Héritier alisema, akamkabidhi bahasha ya kaki.

Lakini aliyasema hayo akitazama chini. Siku zote alipomwambia neno zuri alimtazama machoni mpaka Émérance mwenyewe aone aibu. Leo macho yake hayakuja.

"Uko na nini?" Émérance aliuliza.

"Sina kitu. Ingia mu foleni, jua liko napanda."

Émérance hakuingia kwenye foleni. Alifungua bahasha. Diplome yake ilikuwamo, cheti cha ubatizo kilikuwamo, barua ya Norbert, daktari wa meno aliyemfundisha kazi, ilikuwamo na muhuri wake. Akafungua fomu. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, zote mwandiko wake. Alipofika wa nne, akakoma.

Juu ya ukurasa huo palikuwa na swali lililochapwa: *Eleza utafiti uliowahi kuufanya, kama unao.* Chini yake mistari sita. Yeye alikuwa ameijaza yote sita, akaambatisha karatasi nne za hesabu na maelezo. Sasa karatasi zile hazikuwamo. Ukurasa wenyewe ulikuwa mpya, na katikati ya mistari ile sita palikuwa na neno moja, kwa mwandiko mzuri wa duara alioujua kutoka kwenye barua zote za mapenzi alizowahi kupata maishani.

*Hakuna.*

"Héritier. Nani aliandika hii?"

"Minye njo niliandika."

"Juu ya nini?"

"Juu haiko lazima! Soma mwenyewe, 'kama unao'. Papa Norbert mwenyewe alikwambia hawawezi kukukataa juu ya ukurasa ule."

Ni kweli Norbert alimwambia hivyo. "Hawatakukataa kwa kukosa utafiti," alisema siku fomu ilipofika. "Wengi huingia bila huo. Wanataka alama, wanataka mikono, wanataka muntu mwenye kuvumilia harufu ya kinywa cha mwenzake. Lakini ukiwa umefanya, watataka kuona kama uliuliza swali la kweli, na kama ulikubali jibu hata lisipokupendeza. Kitu hicho hakionekani mu asilimia."

"Uko na asilimia makumi sita na munane," Héritier aliendelea, akishusha sauti. "Uko nang'oa meno kupita wanaume. Utaingia tu, sheri wangu. Ukurasa moja ni nini?"

"Najua naweza kuingia. Sitaki kuingia kwa kusema hakuna." Émérance alipandisha sauti. "Batoto makumi tano na munane, Héritier. Nilifungua vinywa vyao na vidole hivi. Bengine nilikwenda mu matanga yao. Halafu weye unachukua kalamu yako nzuri, unaandika hakuna?"

Wachuuzi wa kike waliokuwa wamekalia vikapu vyao vya mawese waligeuza vichwa.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Wapo watu wa Uvira na wa uwanda ambao mtoto mchanga akishikwa na homa na kuhara, husema ana ibinyo, yaani meno mabaya yaliyojificha ndani ya fizi. Huitwa mama anayejua kuyatoa. Fizi hupasuliwa kwa njiti ya gurudumu la baiskeli, na vijino vichanga ambavyo havijaota hutolewa, vyeupe na laini. Tangu vita vilipowajaza wakimbizi kwenye madarasa na makanisa, homa zilizidi, na njiti ile haikupumzika. Émérance aliona vidonda vile kila wiki. Siku moja akanunua daftari akaanza kuandika: umri wa mtoto, homa ilianza lini, alitolewa meno au la, alipewa dawa na maji ya chumvi na sukari au la, na baada ya mwezi mmoja alikuwa wapi. Aliwafuata kwa miguu, nyumba kwa nyumba, hata siku ambazo risasi zilisikika.

Na mama aliyejulikana kuliko wote Kimanga kwa kazi hiyo alikuwa Generose, mama yake Héritier.

"Karatasi zangu ziko wapi?" Émérance aliuliza.

Héritier aligeuza kichwa. Mama Generose mwenyewe alikuwa anakuja kutoka upande wa ofisi ya duane, mnyoofu, kilemba cheupe kichwani, karatasi nne mkononi. Watu walimpisha. Nusu ya akina mama waliokuwa pale waliwahi kumpelekea watoto wao.

Émérance alipiga goti kidogo, akamsalimia kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa kwao Nyakabere. "Mama, umeamka salama?"

"Sikulala," Mama Generose alisema. "Nitalala namna gani, wakati mukwe wangu anapeleka jina langu kwa wazungu?"

"Si wazungu, Mama, ni walimu. Na jina lako halimo. Soma. Halimo jina lako wala jina la mama yeyote."

"Kimanga yote inajua ni nani. Inahitaji jina?" Alizipunga karatasi zile. "Miaka makumi tatu niko nafanya kazi hii. Sikuwahi kuomba hata kuku. Leo weye, mutoto wa juzi, unaandika kama minye iko naua batoto."

"Sikuandika hivyo."

"Unajua minye nilizika wangapi?" Sauti ya mama ilivunjika ghafla, na Émérance akaona kwamba macho yake yalikuwa mekundu kweli kweli. "Watatu. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Homa, kuhara, kwisha. Wa ine alipopata homa, shangazi yangu alikuja akamutoa ibinyo. Akapona. Njo huyu hapa." Alimshika Héritier mkono, akamvuta mbele kama mtu anayeleta shahidi. "Angalia! Angalia muntu unayemupenda! Bila njiti ile ungempata wapi?"

Hata wabadilisha pesa waliacha kuhesabu. Émérance alimtazama Héritier, mabega yake, mdomo wake ule uliokuwa mfupi wa maneno leo, na kifua kikamuuma kwa mapenzi na kwa hasira, vyote pamoja. Alitamani aseme neno. Neno moja tu. Héritier aliangalia upande wa mto.

"Mama," Émérance alisema taratibu, "namushukuru Mungu alipona. Kama ningekuwa nimeishi wakati ule, ningemwandika kwa waliopona. Mu daftari langu kuko makumi mbili na mbili waliotolewa meno na wakapona. Nimewaandika bote, sikuficha hata moja. Lakini kuko na tisa walikufa. Na wale makumi mbili na saba ambao hawakutolewa, waliopewa maji na dawa tu, walikufa wawili. Na wale wawili pia nimewaandika. Niliuliza swali, Mama. Hilo njo jibu nililopata."

"Jibu lako chukua. Minye nataka daftari."

"Haliko langu la kutoa."

"Toa daftari tulichome hapa hapa, watu waone, halafu uvuke uende kusoma meno yako. Harusi itakuwa. Ukikatalia, hakuna harusi. Sitaingiza mu nyumba yangu mwanamuke aliyeandika kaburi la kazi yangu."

Daftari lilikuwa kiunoni mwa Émérance, limefungwa ndani ya kitenge. Aliweka mkono juu yake.

"Daftari hili halichomwi," alisema. "Si leo, si baada ya harusi. Uniite mubaya, uniite sina adabu. Ukitaka nikulimie shamba, nitalima. Ukitaka nikuombe musamaha kwa kukuumiza, naomba, hapa mbele ya watu. Lakini batoto wale sitawachoma mara ya pili."

Mama Generose alizichana karatasi nne, mara moja, mara mbili, mara tatu. Vipande vikaanguka kwenye vumbi.

Émérance alivitazama. Kisha akamgeukia Héritier. "Na weye?"

"Émé..." alianza. "Tuongee tukifika nyumbani. Weye enda tu leo na ile fomu. Tafazali. Mama atatulia."

"Hilo njo neno lako?"

Hakusema lingine.

Émérance aliondoka pale. Kwenye kivuli cha mwavuli mkubwa uliopauka alikuwa ameketi Anne-Marie, mwanamke mnene aliyebadilisha pesa za Kongo na za Burundi, meza ndogo ya plastiki mbele yake.

"Mama Anne-Marie, naomba meza yako na kalamu."

"Héritier iko na kalamu tatu mu mufuko wa shati," Anne-Marie alisema, akimtupia kijana jicho.

"Sitaki kalamu yake."

Anne-Marie aliondoa noti zake, akafuta meza kwa kiganja, akachomoa kalamu kutoka kwenye nywele zake. "Keti, binti yangu. Iko nakauka kidogo. Uitemee mate."

Ilikuwa saa nne na robo. Émérance alilifungua daftari, akapiga mstari mmoja juu ya neno *Hakuna*, mstari mmoja tu, ili walimu waone kilichokuwapo chini yake. Kisha akaanza kuandika upya. Watoto hamsini na wanane. Umri. Siku za homa. Waliopona. Waliokufa. Jasho lilimdondoka puani likaharibu herufi, akaifuta, akaendelea. Karatasi hakuwa nayo, Anne-Marie akachana kurasa za nyuma za kitabu chake cha kazi akampa. Akina mama wawili wa vikapu walisogea. Mmoja, aliyekuwa na mtoto mgongoni, aliinama akamnong'oneza: "Wangu uliandika? Alikuwa na miezi mitatu. Jina lake ni Shukuru."

"Jina siwezi kuandika, mama. Lakini iko hapa. Angalia. Namba makumi ine na moja."

Yule mama aliiweka ncha ya kidole juu ya namba ile, akaitazama kwa muda mrefu ingawa hakujua kusoma, halafu akarudi kwenye kikapu chake. Mama Generose aliona hayo yote. Aligeuka akaondoka kwa miguu kuelekea mjini, na mwendo wake haukuwa tena wa kunyooka.

Saa sita kasoro dakika kumi askari wa kizuizi alianza kupiga filimbi. Émérance alifunga bahasha. Héritier alikuwa amesimama kando ya kizuizi, uso umemwiva kama mtu mwenye homa.

"Nikusindikize mpaka ng'ambo," alisema. "Njia haiko salama."

Émérance alimtazama mpaka yeye ndiye akainamisha macho. Aliutamani mkono ule. Aliutamani hata sasa, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Usinisindikize, Héritier. Minye sikuogopa mama yako. Weye njo ulinitisha, vile ulinyamaza."

Akavuka peke yake.

Kule Bujumbura aliitwa wa mwisho. Katikati ya walimu watatu alikaa mama mmoja mzee, nywele fupi nyeupe, miwani imeshuka puani. Aliusoma ukurasa wa nne akavigusa vumbi na jasho vilivyokaukia juu yake.

"Hapa pameandikwa 'hakuna', kisha pamefutwa. Ilikuwaje?"

"Kuna mtu aliona ni afadhali nisiseme."

"Alikuwa na sababu, huyo mtu. Ukurasa huu si wa lazima. Leo nimewahoji watu ambao hawajawahi kufanya utafiti wowote, na baadhi yao nitawachukua kwa furaha. Basi kwa nini ulihangaika?"

"Kwa sababu nilifanya, Mama Profesa. Ningekuwa sijafanya, ningeacha wazi wala nisingeona haya."

Mwalimu mmoja alicheka kidogo. Mama yule hakucheka. "Sawa. Sasa niambie hesabu yako ina kosa gani."

Swali hilo Émérance alikuwa amelala nalo usiku mwingi. "Inayo makosa mawili ninayoyajua. La kwanza, huenda waliotolewa meno walikuwa wagonjwa zaidi tangu mwanzo, kwa hiyo wangekufa hata wasingetolewa. La pili, wale ambao hawakutolewa wengi walikaa karibu na kituo cha afya. Huenda ni ukaribu uliowaponya. Siwezi kusema njiti ndiyo iliyoua wote tisa. Naweza kusema sikuona hata mtoto mmoja ambaye ilimsaidia kuliko maji na dawa."

Mama Profesa alivua miwani. "Nimekaa kwenye meza hii miaka mingi," alisema. "Watu huniletea utafiti ili nione wana akili. Hawajui kwamba nikiuliza swali hili nusu yao hukasirika." Aliandika kitu kwenye karatasi yake. "Masomo yanaanza wiki mbili zijazo. Uwe na viatu vingine, hivyo vinakuumiza."

Émérance alicheka na kulia kwa pamoja, pale pale mbele yao.

Hakurudi Uvira. Siku tatu baadaye mapigano yalianza tena na mpaka ukafungwa. Alipata kitanda kwa masista, akaanza masomo. Barua mbili za Héritier zilimfikia kupitia kwa wachuuzi waliovuka kwa kujificha. Zilijaa *nisamehe*. Hakuzijibu. Usiku aliziweka chini ya mto, asubuhi alijikasirikia.

Mwezi wa tatu wa masomo, Jumatano moja mchana, sista wa mlangoni alimwita. Héritier alikuwa amesimama kwenye lango, matope mpaka magotini, mashavu yameingia ndani. Alikuwa amevuka mto na watu waliokimbia mapigano.

Hakumsalimia. Alianza tu kusema, kama mtu aliyeogopa kwamba akisimama hataweza tena.

"Dada yangu Fanny alizaa. Mutoto alipata homa kali juma iliyopita. Mama aliweka maji ku moto, akachukua vitu vyake. Minye nilisimama ku mulango. Nikamwambia, Mama, huyu hapana. Akanipiga kofi. Akapiga tena. Nikabaki ku mulango. Akaniambia yeye njo alinizaa, njiti njo ilinipa uzima. Nikamwambia, Mama, labda ndiyo, labda hapana, lakini huyu hapana." Alimeza mate. "Nikamubeba mutoto. Mabomu yalikuwa naanguka upande wa Kimanga. Nikakimbia naye mpaka kwa Papa Norbert. Siku ine tulimupa maji na kijiko, minye na Fanny, tukibadilishana."

"Na mutoto?" Émérance aliuliza, mkono mdomoni.

"Iko mu mugongo ya Fanny. Iko nanyonya kama mwizi."

Émérance alishika nondo za lango kwa mikono yote miwili.

"Mama haongei na minye siku tisa sasa," Héritier alisema. "Alisema sina mama. Sikukuja kukuomba unirudie, Émé. Nilitaka ujue kwamba safari hii sikunyamaza."

Na sasa ndipo macho yake yalipokuja, yote, bila kukwepa, yamechoka na yamejaa maji. Émérance alifungua lango. Alimshika uso kwa viganja vyake, akaona alama ya kofi iliyokuwa inafifia chini ya jicho, akaibusu.

"Zamani nilikuwa nakupenda tu," alisema. "Leo nakuheshimu."

Héritier aliinamisha kichwa begani kwake, akalia bila sauti, mbele ya sista aliyejifanya kutazama maua.

"Mpaka ukifunguliwa," Émérance alisema baada ya muda, "nitakwenda kumuona Mama."

"Atakufukuza."

"Anifukuze."

"Atakufukuza mbele ya watu, Émé. Unamujua."

"Namujua. Alizika watatu, na hakuna muntu aliyewahi kukaa naye akamuuliza ilikuwaje. Nitakwenda kuuliza." Alimpangusa machozi kwa ncha ya kitenge. "Akinifukuza Jumamosi, nitarudi Jumapili baada ya misa. Akinifukuza tena, kuko likizo ya Pasaka, iko ndefu."